Boksi la sabufa linalopiga noti moja: jibu kwa msomaji wa Tanga

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Nilinunua spika ya gari ya inchi 12, mtumba, haina karatasi ya vipimo, nyuma imeandikwa wati 1200. Seremala wa mtaani kwetu hapa Tanga akanitengenezea boksi la plaiwudi ya milimita 18. Kwa nje ni sentimita 40 kwa 40 kwa 36. Mbele akatoboa tundu la upana wa sentimita 10 ili ipumue. Nikiwasha, besi ina nguvu lakini ni noti ileile moja, wimbo wowote nitakaoweka. Gitaa la besi kwenye taarabu halifuatiki, na noti za chini kabisa hazipo. Jirani ana boksi dogo kuliko langu, na besi yake inafuatika. Je, nitengeneze boksi kubwa zaidi? Nitumie MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa? Na mama anataka lifunikwe, anasema limemharibia sebule.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza usilitupe hilo boksi, na seremala wako usimgombeze. Kazi ya mbao kaifanya. Kosa ni tundu, nalo hakulipigia hesabu kwa sababu hakuna aliyempa hesabu yenyewe. Wengi wanadhani tundu la boksi ni la kupumulia, kama dirisha la chumba. Sivyo. Lile tundu lina noti yake.

Chukua chupa ya soda tupu, puliza mdomoni. Inalia noti moja. Mimina maji kidogo, puliza tena: noti imepanda. Hewa iliyo shingoni inafanya kazi ya uzito, iliyo tumboni inafanya kazi ya springi. Ukipunguza hewa ya tumboni, springi inakaza, noti inapanda. Ukirefusha shingo, uzito unaongezeka, noti inashuka. Boksi lako ni chupa hiyohiyo, isipokuwa shingo yake ni unene wa ubao tu, sentimita 1.8.

Tulipigie hesabu. Ndani, ukitoa unene wa mbao, una 36.4 × 36.4 × 32.4, yaani karibu lita 43 (zidisha sentimita tatu hizo, gawa kwa 1,000). Spika yenyewe inakula kama lita 3 kwa sumaku na fremu, zinabaki 40. Sasa noti ya tundu: chukua kipenyo cha tundu kwa sentimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, mara 23,560, gawa kwa lita za boksi, gawa tena kwa urefu wa shingo ukijumlisha 0.73 ya kipenyo. Kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwako wewe ni 100 × 23,560 ÷ 40 ÷ (1.8 + 7.3), inatoka kama 6,470, na kipeuo chake ni 80. Boksi lako limetyuniwa 80 Hz, yaani mitetemo 80 kwa sekunde.

Linganisha na gitaa la besi. Nyuzi zake nne zikipigwa wazi zinatoa takriban 41, 55, 73 na 98 Hz. Noti zote zinazopita karibu na 80 boksi lako linazipigia kelele, hata zile ambazo mpigaji alizigusa tu kwa upole. Zilizo chini ya hapo, yaani uzi mnene wote na sehemu kubwa ya ule unaofuata, zinapotea: chini ya noti ya tundu, hewa inayotoka tunduni inakwenda kinyume na koni (ule uso wa spika unaotetemeka), koni ikisukuma tundu linavuta, na besi inajifuta yenyewe pale mlangoni. Koni nayo inabaki bila breki. Tazama ukiwa umefungulia sauti, utaiona inarukaruka huku husikii kitu. Hapo ndipo koili, zile nyaya za shaba zilizozungushwa nyuma ya koni, zinapokufa.

Kwa hiyo jioni ya leo fanya jambo moja. Kata kipande cha plaiwudi, zungushia silikoni, kaza skrubu sita, ziba lile tundu kabisa. Ukitumia silikoni inayonuka kama siki, itoe spika kwanza na uache siku nzima ikauke, maana ule mvuke haupendani na shaba. Ndani jaza sufi iliyochambuliwa vizuri, kiasi cha mito miwili ya kulalia, bila kuishindilia, na weka kitambaa chepesi kati yake na spika ili nyuzi zisiingie kwenye koili. Halafu weka taarabu yako. Nguvu itapungua, na hilo litakuudhi kwa siku mbili. Siku ya tatu utaanza kumsikia mpigaji besi anatembea.

Kama utaridhika, soma aya ya mwisho kuhusu mama na uache yaliyo katikati. Kama unataka kwenda chini zaidi, itabidi tuijue hiyo spika, na hapa ndipo watu wananikimbia.

Kila mtu anayeniletea spika ananiuliza, "Fundi, boksi la inchi 12 ni vipimo gani?" Swali hilo halina jibu. Spika mbili za inchi 12 zinaweza kutaka maboksi mawili ambayo moja ni mara tatu ya jingine. Upana wa koni hausemi lolote kuhusu ugumu wa raba inayoishikilia, uzito wake, wala nguvu ya sumaku. Na hiyo 1200 iliyoandikwa nyuma inasema machache hata kuliko upana huo. Mimi nikiona namba kubwa juu ya sumaku ndogo, huwa naisoma kama pambo. Mwaustralia mmoja, Neville Thiele, alionyesha mwaka 1961 kwamba spika ndani ya boksi inaweza kupigiwa hesabu kwa namba chache, na Richard Small akaipanua kazi hiyo miaka ya mwanzo ya 1970. Tangu hapo kubahatisha kumekuwa uvivu tu. Namba tunazozitaka ni tatu: frikwensi ambayo spika inapenda kutetemeka yenyewe ikiwa nje ya boksi (huandikwa Fs), kiasi inavyojizuia isiendelee kutetemeka (Qts, namba ikiwa ndogo ndivyo inavyojizuia zaidi), na ulaini wa raba yake ukilinganishwa na hewa, unaoandikwa kama lita (Vas). Zote tatu utazipata nyumbani.

Tafuta simu yenye programu ya kutoa toni, amplifaya, rizista ya omu 1,000, nyingine ya omu 10, na mita. Mita iwe na kipimo cha volti za AC kinachoanzia 2. Zile za bei ya chini kabisa huanzia 200 na hazitakuonyesha kitu. Ipigishe spika kwanza saa kadhaa, raba ilegee, hasa kama ilikaa dukani muda mrefu. Kisha isimamishe wima, ibane isiyumbe, mbali na ukuta. Usiilaze kifudifudi mezani.

Pima omu za spika kwa mita, ukitoa omu za nyaya zenyewe (gusanisha ncha mbili uone inasoma ngapi, nyaya mbovu zinaweza kukuongezea nusu omu). Halafu unganisha amplifaya kwenye rizista ya omu 1,000, na baada yake weka ile ya omu 10 mahali pa spika. Toa toni ya 50 Hz, ongeza sauti mpaka mita isome volti 0.1 juu ya ile rizista ndogo. Kuanzia hapo usiguse kitufe cha sauti. Toa rizista ndogo, weka spika. Sasa mita yako imegeuka kipima omu: kila volti 0.01 ni omu 1, kwa makadirio yanayotutosha.

Shusha toni kidogo kidogo kutoka 100 Hz. Volti zitaanza kupanda, zitafika kilele, zitashuka. Kilele ni Fs. Nikupe mfano wa spika ya inchi 12 ya gari niliyoipima karakana kwangu, nayo inafanana na yako kwa maelezo uliyotoa. Omu zake kwa mita zilikuwa 3.4. Kilele kilikuwa 32 Hz, mita ikisoma volti 0.40, yaani omu 40. Gawa 40 kwa 3.4, unapata 11.76, kipeuo chake ni 3.43. Zidisha 3.4 kwa 3.43: 11.7. Sasa tafuta frikwensi mbili, moja kila upande wa kilele, ambapo mita inasoma volti 0.117. Nilizipata 23 na 45. Ukizidisha hizo mbili na kutafuta kipeuo, inapaswa kurudi karibu na Fs. Yangu ilirudi 32.2, nikajua sijakosea. Qts ni Fs kugawa kwa tofauti ya hizo mbili, kugawa tena kwa kile kipeuo: 32 ÷ 22 ÷ 3.43, sawa na 0.42.

Imebaki Vas, na hapo ndipo lile boksi lako linapolipa gharama yake. Likiwa limezibwa tundu na halina sufi ndani, laza spika kifudifudi juu ya lile tundu la spika yenyewe, sumaku ikiwa nje, ibane hewa isivuje. Hewa iliyomo sasa ni lita 43 pamoja na kama lita 2 za bonde la koni. Tafuta kilele upya. Kitakuwa kimepanda, maana springi ya hewa imeongezeka juu ya ile ya raba. Mimi kwa lita 45 nilipata 54 Hz. Gawa 54 kwa 32, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 45: lita 83.

Sasa tazama. Boksi lililozibwa lina kipimo chake cha kujizuia: Qts mara kipeuo cha (1 + Vas ÷ lita za boksi). Kwa lita 40 hizo zako: 1 + 83 ÷ 40 ni 3.08, kipeuo 1.75, mara 0.42, sawa na 0.74. Tunalotafuta ni karibu na 0.7, ambapo besi inashuka bila nundu. Likizidi 1 linaanza kuguruma, likiwa 0.5 linakuwa kavu. Maana yake, kama spika yako ni ndugu wa ile niliyopima, seremala wako alikutengenezea boksi la kuziba lililo karibu kamili, kisha akalitoboa. Ndiyo maana nimesema usimgombeze sana. Na jirani mwenye boksi dogo, nenda kalichungulie. Sitashangaa likiwa halina tundu.

Lililozibwa hivyo litashuka vizuri mpaka karibu 53 Hz, kisha litafifia taratibu, na chumba kitakusaidia kidogo. Ule uzi mnene wa 41 utausikia, lakini kwa mbali. Ukiutaka kifuani, hapo tunarudi kwenye tundu, safari hii lenye bomba.

Kwa namba za mfano wangu, hesabu ya kitabuni inadai zaidi ya lita 100 zilizotyuniwa 29 Hz. Kwa sebule ya mama siwezi kukushauri hivyo. Lita 80 kwa 32 Hz ni mapatano ninayoyapenda, unapoteza kidogo sana. Bomba: chukua lile la PVC la maji taka, la inchi 4, pima kipenyo cha ndani mwenyewe kwa sababu unene hutofautiana. Kama ndani ni sentimita 10.4, fomula ile ya chupa ukiigeuza inadai urefu wa sentimita 23.5. Usikate 23.5. Kata 28, tutalipunguza.

Lita 80 ni hewa tupu. Ongeza 3 za spika, kama 2 za bomba, na 2 za mbao za kukazia, ukubwa wa ndani unafika lita 87 hivi. Upana 36, urefu wa kwenda juu 56, kina 43, zote za ndani, zinakupa 86.7. Nimekwepa vipimo vinavyolingana makusudi. Mchemraba kamili hupenda kulia noti moja kwa pande zote. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 inatosha na kubaki, na hayo mabaki yatumie kuufanya uso wa mbele uwe wa bodi mbili zilizogundishwa, ya pili ikiwekwa kwa nje. Pale ndipo spika inapopiga teke.

Kuhusu MDF: inakatika vizuri, ni nzito, haina mafundo, na kwa mtu wa Dodoma ningesema ndiyo bila kusita. Kwa Tanga, Mombasa au Unguja nasita. Unyevunyevu wa pwani unaingia kwenye kingo zake na zinafura kama mkate uliodondokea chai. Nilishatengeneza moja, nikaiacha sakafuni msimu wa masika bila kupaka rangi chini, skrubu zikang'oka zenyewe. Plaiwudi ya milimita 18 yenye tabaka nyingi zisizo na mapengo inakufaa zaidi. Igonge kwa kidole kabla ya kulipa. Ikitoa sauti ya utupu mahali, iache. Mninga ni mzuri kwa meza, kwa boksi unapasua fedha.

Gundisha kila kiungo kwa gundi nyeupe ya mbao, skrubu ni za kushikilia tu mpaka gundi ikauke. Ndani, kila pembe ipite silikoni. Weka mbao mbili za kukazia, moja ikitoka ubavu hadi ubavu, moja mbele hadi nyuma, lakini kabla ya gundi iingize spika uone sumaku inapita. Nakuambia hivyo kwa sababu kuna boksi moja nililifunga lote, likapendeza, kisha nikagundua sumaku inagonga ubao wangu mwenyewe. Nililikata kwa msumeno huku mteja anatazama. Mwisho wa bomba nao uache nafasi isiyopungua kipenyo chake hadi ukuta wa nyuma. Hapa una sentimita 15 hata kabla ya kulipunguza. Safari hii sufi usiijaze. Bandika sponji ya godoro kwenye kuta za nyuma na pembeni tu, mbali na mdomo wa bomba.

Kutyuni utatumia simu na macho. Toa toni ya 40 Hz, shuka taratibu. Koni itapunguza mwendo, itafika mahali imesimama karibu kabisa, na hewa itakuwa inatoka kwenye bomba kiasi cha kupeperusha karatasi. Hiyo ndiyo noti ya boksi. Kwa bomba la sentimita 28 itakuwa karibu 30 Hz. Punguza sentimita moja moja mpaka ifike 32. Hapo ligundishe moja kwa moja. Ukisikia hewa inakoroma kwenye ncha za bomba, zilainishe kwa msasa ziwe za duara.

Kitu kimoja ambacho boksi la tundu halisamehe: chini ya 32 Hz koni inabaki bila breki, kama tulivyoona kwenye lile lako la 80. Amplifaya yenye kichujio cha kukata chini ya 25 au 30 Hz, kiwashe. Isiyo nacho, uwe na adabu na kitufe cha sauti. Kwa upande wa juu kata karibu 80 Hz, ukiwa na spika ndogo pembeni 100. Mahali pa kuliweka pia pana uzito. Liweke kwa muda kwenye kochi unalokaa, wewe tembea chumbani ukiwa umeinama karibu na sakafu. Pale utakaposikia besi imenyooka ndipo boksi lihamie. Mara nyingi si kwenye kona, ingawa kona ndiyo inayopiga kelele zaidi.

Pima basi ile yako, uniletee zile namba tatu kabla ya kukata bodi. Vipimo vya lita 80 ni vya spika ya mfano wangu. Yako ikiwa na Qts ya 0.6, kwa mfano, tutalisahau bomba kabisa na kutafuta boksi kubwa la kuziba.

Na mama: mwambie afunike anavyopenda, besi haijali rangi. Kwa mbele tengeneza fremu nyembamba ya mbao, uivike kitambaa chepesi, kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi inafaa kuliko vitambaa vingi vya dukani. Kipime kwa mdomo: ukipuliza na pumzi ikapita bila kuhangaika, kinafaa. Pale mbele ya bomba acha wazi, vinginevyo kanga itapiga makofi. Jina lionekane au lifichwe, hilo mtaelewana wenyewe.